Mgeni wa Chumba Kisicho na Dirisha

Wiki niliyostaafu, Koplo Rehema aliyeachiwa meza yangu aliniuliza kwa nini wapelelezi wa zamani hawana marafiki. Aliuliza kwa adabu, huku akipangusa droo ambayo sasa ni yake. Nilimwambia swali lake ni zuri, nikachukua mkoba wangu nikaondoka. Tangu hapo swali hilo limekuwa likinisumbua, kwa hiyo naliandikia jibu. Wengine mnaoanza kazi hii mnaweza kulisoma pia. Habari za nani alipanda cheo na nani alirukwa sitaziandika. Wenye vyeo vyao wanazikumbuka vizuri kuliko mimi.

Naitwa Monika, mzaliwa wa Singida. Nilihamishiwa Songea katika ile miaka tuliyoiita ya ruksa, soko lilipofunguliwa. Vitu vilivyokuwa vimeadimika vikarudi madukani: sabuni, khanga, betri za redio. Mitumba ikaanza kushuka kwa marobota. Watu binafsi wakaruhusiwa kununua mahindi kwa mkulima, na malori yakawa yanaingia mjini kutoka pande zote. Kwa wananchi ilikuwa nafuu. Kwa mpelelezi maana yake ilikuwa kwamba mji uliokuwa unamjua kila mtu kwa ukoo wake sasa ulikuwa umejaa wageni wanaoondoka alfajiri.

Nilikuja kwa basi kutoka Makambako. Baada ya Njombe baridi ilinishika, na jirani yangu kwenye kiti, mama mmoja mwenye kikapu cha viazi, akanifunika miguu kwa khanga yake. Tulizungumza vizuri mpaka Madaba. Hapo akaniuliza ninakwenda kwa nani Songea. Nikamwambia nakwenda kazini. Kazi gani? Polisi. Aliichukua khanga yake taratibu, akaikunja, akakihamishia kikapu upande wa pili, na kutoka Madaba hadi Songea hatukusemeshana tena. Siku ile nilidhani mama yule ana lake jambo. Baadaye nilikuja kuona kwamba alikuwa amenionyesha mapema jinsi nitakavyoishi.

Kituoni nilikabidhiwa baiskeli, tochi isiyo na betri, chaki, na futi ya fundi cherehani ya kupimia. Kamera ilikuwa moja kwa ofisi nzima, na filamu yake ilitunzwa kama dawa. Nikaambiwa sasa mimi ni askari kanzu, yaani asiyevaa sare. Askari kanzu mwanamke huvaa khanga, lakini hakuna aliyewahi kuona haja ya kulibadilisha jina.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Stesheni Sajini Ndunguru, Mmatengo wa Mbinga, mtu mfupi, mpole, asiyependa maneno. Swali lake la kwanza kwangu lilikuwa: "Unajua kukaa?" Nikadhani ananiuliza kama nitavumilia kuishi Songea, nikasema nitajitahidi. Akanipeleka kwenye duka lililokuwa limevunjwa, akaketi sakafuni katikati ya misumari na unga uliomwagika, akanionyesha kwa kidole mahali pangu. Sketi yangu ilikuwa mpya. Nikaketi.

"Askari wengi wanaona anachokiona mtu aliyesimama," alisema. "Mwizi anafanya kazi ameinama."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mafunzo yangu, na mpaka leo sijapata mengine yaliyonisaidia zaidi. Unapofika mahali pa tukio, usipige kelele, usishike kitu, usiulize nani kafanya. Kaa chini. Chumba kina mambo mengi ambayo hakiyaonyeshi kwa mtu mwenye haraka.

Alinifundisha pia kutazama maiti bila kumwogopa na bila kumdharau. Alinisimulia kwamba kwao Mbinga, kwenye baridi ya Juni na Julai, aliwahi kuwakuta vibarua wawili wa kahawa wamekufa katika kibanda, na kijiji kizima kimeshakubaliana nani amewaroga. Walikuwa wamelala na jiko la mkaa na mlango wameuziba kwa gunia. "Aliyeuawa na hewa ya mkaa anakuwa na rangi nzuri," aliniambia. "Tazama kucha, tazama ndani ya mdomo. Utamkuta mwekundu kama mtu aliyetoka kucheza."

Lakini kuhusu upweke hakunificha. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Msamala, kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Nikitoka na ndoo kwenda bombani, maongezi ya wanawake yalikatika, wakaanza kuzungumzia mvua. Nikipita kilabu cha ulanzi, hata waliokuwa wakiimba walinyamaza. Hawakuwa na ubaya. Kila mmoja alikuwa na ndugu, shemeji au jirani ambaye asingependa atajwe mbele yangu. Nilipomweleza Ndunguru, alikunywa chai yake mpaka ikaisha, kisha akaniambia nitafute nyumba moja tu mjini ambamo mimi si polisi. Moja inatosha, alisema, na mtu akipata mbili ajue moja ina shida. Mwaka uliofuata alistaafu, akarudi kwenye kahawa yake Mbinga.

Nyumba hiyo niliipata. Ilikuwa ya Bwana Luoga na mkewe, Mama Debora. Luoga alikuwa mfanyakazi wa duka la shirika moja la umma, na lilipofungwa, yeye na wenzake wakapunguzwa. Wengine walikaa vibarazani wakiilaumu Serikali. Yeye alikwenda akajenga gesti pale pale Msamala, nyuma yake nyumba ya kuishi, na nyuma ya nyumba shamba dogo la mahindi. Tulifahamiana kanisani. Krismasi yangu ya kwanza Songea, Mama Debora alinikuta nje ya kanisa nimesimama peke yangu watu wakisalimiana, akanishika mkono bila kuniuliza naitwa nani wala nafanya kazi gani, akanipeleka kwake kula. Alipokuja kujua kazi yangu alicheka, akasema basi sahani zake zitakuwa salama.

Tangu hapo nilikula kwao kila Jumapili. Debora na wadogo zake waliniita shangazi. Mama Debora alinifundisha kupika kisamvu cha karanga, nami nikamfundisha mlenda wa kwetu, ambao mumewe aliula kwa heshima tu. Alikuwa na jiko jipya la mkaa, la bati nene na udongo ndani, aliloagiza kwa fundi, na alikuwa akilisifia kama wengine wanavyosifia watoto. Kama kuna miaka niliyokuwa na furaha Songea, ni hiyo.

Gesti ya Luoga ilijaa kwa sababu ya wafanyabiashara. Vyumba vilipokuwa havitoshi, alichukua chumba kimoja kikubwa cha mwisho akakigawa kwa plaiwudi vikawa viwili. Dirisha likabaki upande mmoja. Upande wa pili ukawa na mlango, kitanda, na ukuta. Juu, plaiwudi haikufika kwenye dari. Watu wote mjini walikuwa wakigawa vyumba namna hiyo, na hakuna aliyeona jambo la ajabu.

Asubuhi moja ya Julai, baada ya mavuno, Luoga alikuja kituoni mwenyewe akiwa ameongozana na mhudumu wake. Alisema mgeni wake amefariki chumbani. Mgeni alikuwa kijana wa Kyela aliyeitwa Obadia, mwuza mitumba. Alikuwa hajafungua mlango, Luoga akauvunja, akamkuta kitandani amejifunika, hana jeraha. Mara ya mwisho kuonekana, jioni, alipelekewa chai na huyu msichana. Na msichana alikuwa amevaa sweta jekundu la mitumba ambalo hakuna aliyewahi kumwona nalo.

Msichana aliitwa Skolastika, Skola, mtu wa Mpitimbi. Alikuwa anaishi Msamala kwa shangazi yake, na ilikuwa inajulikana kwamba ameposwa. Alisema sweta alipewa na mgeni kwa kumfulia nguo. Mkuu wangu wa wakati huo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kesi nyingi na gari moja. Kwake hii ilikuwa kesi rahisi kama zawadi: chai, sweta, maiti. Kabla ya saa sita mchana mji mzima ulikuwa unajua ni sumu, na wapo waliotaja hadi jina la sumu yenyewe. Skola akawekwa ndani kwa kosa la mauaji. Sampuli zikapelekwa Dar es Salaam kwa mkemia, na majibu ya Dar wakati ule mtu aliyangoja huku akiendelea na maisha yake. Skola angeyangojea mahabusu.

Nilimkuta ameketi kwenye saruji, ameikumbatia miguu. Nilimwuliza kama mgeni aliinywa chai. Aliinywa, alisema, akalalamika sukari ni kidogo. Kulikuwa na lalamiko jingine? Baridi. Alikuwa mtu wa joto, alikuwa anasema Songea ni friji. Nani alilala chumba cha pili, chenye dirisha? Mzee Issa wa Tunduru, mtu wa korosho, aliondoka alfajiri na lori kabla maiti haijagunduliwa. Yeye Skola aliondoka saa ngapi? Kabla jua halijazama, kwa sababu shangazi yake ni mkali.

Nilipoinuka aliniuliza, "Afande, mimi nitanyongwa?"

Nikamwambia bado hatujafika huko.

Nilikwenda gesti, nikaomba kuachwa peke yangu chumbani, nikaketi chini. Kwanza sikuona kitu. Kitanda, ndala, mfuko wa nguo. Sakafu ilikuwa ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu na kung'arishwa, kazi ya Skola, na ilikuwa inang'aa kila mahali isipokuwa sehemu moja karibu na miguu ya kitanda. Hapo palikuwa na duara lililofifia, rangi imebabuka kidogo, ukubwa wa sahani ya kulia. Aliyesimama asingeliona, kwa sababu kutoka juu mwanga wa mlangoni ulilifuta. Nilipitisha kidole chini ya kitanda kikatoka na majivu meupe.

Nikaenda chumba cha maiti. Nilitazama kucha za Obadia, nikaufunua mdomo wake wa chini. Alikuwa na rangi nzuri. Daktari aliyekuwa zamu, kijana mpole, alikubali kwamba hewa ya mkaa inaweza kufanya hivyo, lakini akasema hana kifaa cha kuthibitisha, na kwamba wekundu peke yake hautoshi kuandika. Nilimwelewa. Mkuu wangu naye aliponisikiliza aliuliza swali moja, na lilikuwa swali la haki: "Hilo jiko liko wapi?"

Hapakuwa na jiko. Nilikuwa nimemwuliza Luoga siku ile ile kama kuna mtu aliyempa mgeni moto, akanijibu kwamba gesti yake hairuhusu moto vyumbani. Aliniambia akinitazama usoni, kama alivyokuwa akinitazama kila Jumapili mezani. Sikuwa na sababu ya kumtilia shaka. Nilianza kufikiri labda mgeni aliazima jiko nje, nikapita nyumba kwa nyumba, wauza chipsi, wauza kahawa, mafundi. Hakuna aliyeazimisha.

Jumapili nikaenda kula kwa Luoga kama kawaida. Nilimkuta Mama Debora uani, ameinama kwenye mafiga matatu, moshi wa kuni unamtoa machozi. Sikuwahi kumwona akipikia kuni tangu alipopata jiko lake. Nikamsalimia, nikachukua kisu nimsaidie vitunguu, nikamwuliza jiko limekuwaje.

"Limeharibika," alisema. "Baba Debora kalipeleka kwa fundi."

"Lini?"

"Wiki hii. Siku ya ule msiba." Alifuta macho kwa mkono. "Hata sikulikuta limevunjika. Nimeamka tu, halipo."

Aliyasema hayo bila wasiwasi wowote, na hapo nikajua kwamba yeye hajui. Fundi wa majiko mtaa ule alikuwa mmoja, nami nilikuwa nimetoka kuzungumza naye juzi yake. Hakuwa na jiko la mtu yeyote.

Chakula kilipoiva tuliketi. Luoga alisali sala ya chakula. Debora alinionyesha kitambaa cheupe ambacho mama yake alimnunulia cha kushonea gauni la kipaimara, maana askofu alitarajiwa Jumapili iliyokuwa inakuja. Nikakisifia. Kila tonge nililila kama la mwisho, na nilikula sana, mpaka Mama Debora akafurahi akaniongeza. Nilikuwa nikifahamu kwamba nikisimama pale sitakaa tena.

Hata hivyo, mke kupikia kuni si ushahidi. Nikaomba ruhusa ya kwenda Tunduru. Mkuu aliona ninapoteza muda, ila akasaini. Barabara ya Tunduru miaka ile ilikuwa si barabara, ilikuwa ahadi. Nilipanda lori la chumvi, tukakwama, tukakwamuka, tukalala njiani. Dereva na utingo wake walipokuja kujua mimi ni nani, waliongea mambo ya injini tu mpaka mwisho wa safari.

Mzee Issa nilimkuta kwenye korosho zake, akisimamia palizi, amevaa kofia yake. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaagiza niletewe maji. Nilipomwambia kwamba mgeni wa chumba cha jirani yake alifariki, alikaa chini palepale akasema inna lillahi. Halafu akaniambia kwamba siku ile aliamka kichwa kinampasuka, akatapika kabla hajapanda lori. Alidhani ni malaria. Alikuja kupona njiani, kwenye upepo, akamshukuru Mungu kwa malaria fupi namna ile.

Nikamwuliza kama jioni alisikia lolote.

"Nilisikia yote, mwanangu. Ukuta wenyewe wa karatasi," alisema. "Yule kijana alilalamika baridi. Mwenye nyumba akamletea jiko. Akamwambia ota moto, lakini usilale nalo, ukimaliza litoe nje. Kijana akasema sawa. Wallahi akasema sawa."

Nikamwuliza kama yuko tayari kuyasema hayo mahakamani. Akasema ikiwa kuna binti wa watu ndani kwa jambo hilo, atakuja hata kwa miguu.

Kumbe Luoga hakuwa muuaji. Hilo ndilo lililonisumbua njia nzima ya kurudi. Alimpa mgeni moto kwa huruma, tena akamwonya. Alipovunja mlango asubuhi aliona amekufa mtu katika chumba alichokigawa yeye, bila dirisha, kwa jiko la mke wake. Aliogopa. Alilichukua jiko akalificha. Mpaka hapo mtu angeweza kumwonea huruma. Kisha akamshika mkono Skola, akatembea naye mpaka kituoni.

Nilipofika Songea nilimwarifu mkuu wangu, naye akataka kutuma askari wawili wenye sare. Nikaomba niende mwenyewe. Nilimkuta Luoga kwenye ua wa gesti, anapiga rangi mlango mpya wa chumba kile. Aliponiona na vumbi la safari alijua nilikotoka, kwa sababu hakuniuliza. Aliweka brashi juu ya kopo.

"Nilimwambia asilale nalo," alisema.

"Najua. Mzee Issa kanieleza."

"Sasa kosa langu liko wapi, dada?"

"Skola yuko ndani."

Alitazama chini. Alisema alifikiri watakosa ushahidi wamwachie, kwamba msichana hana kosa na asiye na kosa hafungwi. Nikamwambia kwamba anayajua magereza ya maskini kama ninavyoyajua mimi. Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba Jumapili ni kipaimara cha Debora. Aliniomba nimwache mpaka Jumapili ipite, Jumatatu atakuja mwenyewe, ataapa kwa chochote nitakacho.

Nilimwamini. Nataka mlielewe hilo: nilijua angekuja. Lakini kila siku niliyompa yeye ningekuwa nimemnyang'anya Skola, na Skola hakuwa ameniruhusu.

"Skola naye ana mama," nilimwambia.

Alinawa mikono, akavaa koti. Kwanza alinipeleka nyuma, kwenye shamba lililovunwa, akainua lundo la mabua. Jiko lilikuwa hapo chini, na majivu yake ndani. Mama Debora alitoka mlangoni akatuona tumesimama pale, mumewe amelishika. Alitazama jiko, akamtazama mume, kisha akanitazama mimi, na kwangu ndiko macho yake yalikobaki. Aliingia ndani akafunga mlango.

Tulitembea kwa miguu kutoka Msamala mpaka kituoni. Njiani Luoga aliwasalimia watu wake mmoja mmoja, akauliza habari za wagonjwa, akampa mzee mmoja shikamoo. Aliyetuona angesema ni kaka na dada wanakwenda sokoni.

Mzee Issa alikuja kama alivyoahidi. Luoga alikiri, akahukumiwa kwa kuficha ushahidi na kutoa taarifa ya uongo, na kwa uzembe ulioleta kifo. Hakimu alisema maneno makali kuhusu vyumba visivyo na madirisha, na kwa muda fulani watu mjini walitoboa madirisha, kisha wakasahau. Kaka yake Obadia alifika kutoka Kyela tukiwa tumeshamzika. Nilimpeleka makaburini, akakaa hapo peke yake, na alipotoka alinishukuru kwamba angalau ameambiwa ukweli. Ni shukrani iliyonifaa kwa miaka mingi.

Skola alitoka. Mama yake alikuja kumchukua kutoka Mpitimbi, akanipigia magoti, nikamwinua. Kwa kuwa kesi ya sumu ilikuwa imekufa, nilimrudishia binti lile sweta. Hakulipokea. Aliniambia asante, kwa heshima, akaongeza kwamba upande wa mchumba wake ulishavunja uchumba wiki ya pili tangu alipokamatwa, na ujumbe ulipelekwa kwa baba yake mbele ya watu. Wakaondoka, yeye mbele na mama yake nyuma, na hakugeuka. Nilisikia baadaye aliolewa upande wa Namtumbo. Natumaini ni kweli, sikumfuatilia. Mtu akishafuatiliwa na polisi mara moja inatosha.

Gesti iliuzwa. Mama Debora alianza kuuza maandazi karibu na stendi, akawalea watoto. Luoga alipotoka gerezani alikuwa amekonda na mkimya. Aliishi miaka michache akafa kwa kifua. Nilikwenda kwenye mazishi, nikasimama nyuma ya wote. Watu walinipisha vizuri, na hakuna aliyesimama karibu nami.

Nilipata kesi nyingine nyingi baada ya hapo, nyingine kubwa zaidi. Nimewakamata wezi wa mbolea, nimekaa chini katika vyumba ambavyo sitavisimulia. Nyumba nyingine ya kula Jumapili sikupata. Ukweli ni kwamba niliacha kutafuta. Nilikuwa nimeona kwamba si haki kwa watu kumkaribisha mtu kama mimi bila kujua wanamkaribisha nani, na wakijua hawakaribishi.

Nilipostaafu ndugu walinitaka nirudi Singida. Niliowajua huko wengi wameshatangulia, na waliobaki wananijua kwa picha. Nimebaki Songea. Naenda kanisa lilelile. Mama Debora naye huenda. Miaka yote hiyo, padri alipotualika tupeane amani, yeye aligeukia upande mwingine, nami nikajizoeza kukaa mahali ambapo hatalazimika kugeuka.

Mwezi uliopita nilichelewa misa, kanisa limejaa, mlinzi wa mlangoni akaniingiza kwenye benchi lililokuwa na nafasi. Nilipoketi ndipo nikaona ni nani niliyekaa naye. Amezeeka. Tulisimama pamoja, tukapiga magoti pamoja, tukitumia kitabu kimoja cha nyimbo kwa sababu kilikuwa kimoja. Amani ilipofika, alitazama altare kwanza. Kisha akanipa mkono. Ulikuwa mgumu, wa mtu wa kukanda unga.

Baada ya misa nilitoka polepole, nikimpa nafasi aondoke. Alikuwa ananingoja kwenye ngazi.

"Ulifanya ilivyopasa," alisema. "Nimelijua hilo tangu siku ileile. Lakini kwangu usije, Monika. Siwezi."

"Nimeelewa, Mama Debora," nilimwambia.

Aliitikia kwa kichwa, akajifunga khanga vizuri, akateremka ngazi. Nilimtazama mpaka akavuka barabara. Nikapita sokoni, nikanunua dagaa wa Nyasa fungu moja, nikaenda nyumbani kupika.